Shajara ya mradi: majengo sita, gurudumu moja

Siku ya 1

Nimebandika michoro sita mbele ya gurudumu. Kila mmoja ni wa jengo, na kila jengo nimelichora kama kivuli, mstari wa nje tu. Nia ni kufinyanga vyombo sita vya maua, kila kimoja kikitokana na jengo lake: Pantheon ya Roma, mnara wa Malwiya ulioko Samarra nchini Iraki, mnara wa Gonbad-e Qabus wa Iran, nyumba za udongo za Wamusgum wa kaskazini ya mbali ya Kameruni, mnara wa redio wa Shabolovka mjini Moscow, na jumba la makumbusho la Guggenheim la New York. Hilo la mwisho nimeliongeza kwa tamaa.

Kilichoamua orodha ni gurudumu lenyewe, maana halijui umbo jingine zaidi ya duara. Jengo la pembe nne, hata liwe zuri vipi, halikuingia.

Vipimo: urefu wa sentimita 30 baada ya kuchomwa. Udongo wangu ni ule wa joto la juu, wenye chengachenga za udongo uliokwisha kuchomwa na kusagwa, na husinyaa asilimia 12 tangu ukiwa mbichi hadi kutoka kwenye joko. Kwa hiyo kila chombo lazima kifike sentimita 34 kikiwa kibichi. Kilo 3 za udongo kwa kila jaribio.

Siku ya 2 hadi ya 4

Hakuna jengo. Ni mabomba tu: donge, kulikita katikati, kufungua, kuvuta ukuta, kukata kwa waya. Nimefanya kumi na mbili na sikubakiza hata moja. Kila bomba nimelipasua katikati toka juu hadi chini ili nione tumbo la ukuta. Inauma, lakini jicho la nje hudanganya.

La kwanza lilikuwa milimita 14 chini na 3 juu. La kumi na mbili, milimita 8 chini na 5 juu. Nilikuwa najilaumu kwa kuacha unene chini hadi nilipokumbuka kuba la Pantheon. Pale linapoanzia lina unene wa mita 6.4, na kwenye tundu la juu limebaki mita 1.2. Tena zege yenyewe si moja: chini walitia kokoto nzito, juu kabisa wakatia mawe mepesi ya volkano. Waashi wa Kirumi walifanya makusudi kile nilichokiona kasoro ya vidole vyangu. Ukuta mbichi unaobeba ukuta mbichi mwenzake unahitaji miguu. Unene wa ziada nitauchonga baadaye, udongo ukishakaza.

Siku ya 5

Jambo dogo lililonipotezea asubuhi nzima. Bomba lililonyooka kabisa, nililolipima kwa rula, linaonekana limebonyea kiunoni. Rula inasema sawa, macho yanakataa. Waliojenga Parthenon ya Athene, kati ya 447 na 432 KK, walizipa nguzo zao uvimbe mdogo katikati, usioonekana mpaka uelezwe. Nimelijaza bomba langu milimita 2 hivi kwa ndani nikitumia kibao cha mbao kilichopinda. Sasa linaonekana limenyooka. Rula inalalamika, lakini rula hainunui maua.

Siku ya 8

Pantheon, jaribio la kwanza. Nalieleza hapa kwa urefu kwa sababu ndilo lililogeuza mradi mzima.

Ndani ya kuba lile kuna visanduku vilivyodidimizwa, safu tano, kila safu visanduku 28, vikizidi kupungua kadiri vinavyopanda. Nikaona ndiyo alama ya jengo, kila mtu atalitambua. Nilifinyanga chombo chenye bega la mviringo, nikakiacha usiku kucha chini ya nailoni, na asubuhi udongo ulipofikia ugumu wa ngozi nikaanza kuchora miraba kwa sindano na kuichimba kwa kijisu. Mia moja na arobaini. Saa nne nimeinama.

Nilipokizungusha kukitazama, kilifanana na kakakuona aliyejikunja.

Kosa la kwanza ni la kitoto: visanduku vile viko ndani ya kuba, mimi nimevibandika nje. Lakini hata ningevichimba ndani, bado nisingekuwa na Pantheon. Ningekuwa na chombo cha maua kilichovalishwa nguo za Pantheon, kama zile sanamu ndogo za majengo wanazouziwa watalii. Nikakifinya chote, kakakuona na magamba yake, kikarudi kwenye ndoo.

Jioni nimezichora upya karatasi zote sita. Safari hii sikuchora mstari wa nje. Nimechora mishale: uzito unashukia wapi, nini kinazuia nini kisianguke.

Siku ya 9

Pantheon, upya. Kipimo kinachonivutia sasa si visanduku. Upana wa ndani ni mita 43.3, na kimo kutoka sakafuni hadi kwenye tundu ni mita 43.3 vilevile. Maana yake tufe zima lingeweza kukaa ndani ya jengo, likigusa sakafu na kuta. Basi chombo changu kitakuwa sentimita 18 kwa 18 ndani, kikiwa kibichi. Kanuni yangu ya sentimita 30 imekufa mapema, na siilii.

Nusu ya chini ni ukuta wima, kazi rahisi. Nusu ya juu ndiyo shughuli. Kufunga kuba kwenye gurudumu ni kuubana udongo uingie ndani huku ukizunguka: vidole sita vikiuzingira mdomo kama pete, vidole gumba mbele, vya kati nyuma, pumzi imezuiwa. Kila ukibana, mduara unapungua lakini udongo ni uleule, kwa hiyo ukuta unanenepa na kuanza kufanya mikunjo kama mdomo wa mfuko wa kamba. Unabana, unavuta kupunguza unene, unabana tena. Maji yakizidi, bega linalegea na kuba lote linaketi. Mbili ziliketi.

La tatu nililifunga kabisa. Niliubana mdomo hadi ukazibika, nikabaki na yai lisilo na tundu. Hapo ndipo mfinyanzi anapopata msaada ambao mwashi hana: hewa iliyofungiwa ndani. Unaweza kuusukuma ukuta kwa kibao na hautazama, kwa sababu hewa haina pa kwenda. Filippo Brunelleschi alipojenga kuba la kanisa kuu la Florence, kati ya 1420 na 1436, alilipandisha bila kiunzi cha mbao cha kulishikilia kutoka chini, kila mzunguko wa matofali ukijishika wenyewe. Mimi kiunzi ninacho, ila hakionekani.

Nikalinyoosha bega hadi likawa nusu tufe, kisha nikatoboa tundu la juu kwa sindano na kulipanua kwa kidole hadi sentimita 3. Kulitoboa si hiari: udongo unasinyaa unapokauka, hewa haisinyai, na yai lisilotobolewa hupasuka. Kingo za tundu nimeziacha nene kidogo. Pete hiyo ndiyo inayosukumwa na kuba zima kutoka pande zote.

Hakuna alama hata moja ya Pantheon juu yake. Nimelitazama jioni nzima.

Siku ya 13

Nyumba za Wamusgum. Hili ndilo nililoliogopa, maana tayari ni ufinyanzi, na aliyezijenga ni fundi kuliko mimi. Ni maganda marefu ya udongo, baadhi yake yanafika mita 9 hivi, mapana chini na yakichongoka kuelekea juu, yenye tundu kileleni la kupitisha hewa na mwanga. Ukuta ni mnene chini, mwembamba juu. Hupandishwa tabaka kwa tabaka, la chini likaachwa likauke kwanza kabla ya kubeba la juu yake. Mfinyanzi wa kutumia pindi za udongo anaijua subira hiyo.

Umbo lake liko karibu sana na mstari wa mnyororo uliopinduliwa. Shika mnyororo ncha mbili, uache uning'inie: mkunjo unaoupata ni ule ambao kila pingili inavutwa tu, haipindwi. Upindue, na sasa kila sehemu inabanwa tu. Robert Hooke alilitangaza wazo hilo mwaka 1675. Nimetundika mnyororo mwembamba ukutani juu ya karatasi, nikafuatisha kwa penseli, nikaigeuza karatasi juu chini na kukata kadibodi. Hiyo kadibodi ndiyo kipimo changu kwenye gurudumu: naisogeza ubavuni mwa chombo na kutazama mwanga unapita wapi.

Jaribio la kwanza tu likasimama. Sijawahi kubana shingo ndefu kiasi hicho bila ukuta kuyumba. Pantheon ilinilipisha mbili ndiyo nikaipata; hili lilipanda lenyewe, kana kwamba ndiko lilikotaka kwenda. Mdomo umebaki sentimita 2.5, kwa hiyo litabeba shina moja, pengine mawili. Sawa tu.

Siku ya 14

Nje ya nyumba zile kuna matuta yaliyoinuka, katika mitindo mbalimbali. Hapa nilisita, nikimkumbuka kakakuona. Lakini matuta haya yana kazi: fundi hukanyaga juu yake anapopanda kujenga na kukarabati, na mvua hupunguzwa kasi inapoteremka ukutani. Kwa hiyo nimeyaweka. Vipande 66 vya umbo la V iliyopinduliwa, kila kimoja kimekwaruzwa nyuma, kikapakwa uji wa udongo na kubonyezwa kwa dole gumba. Alama za dole nimeziacha.

Nimefunika kwa nailoni. Vipande vya juu visikauke kabla ya ukuta, vitabanduka.

Siku ya 17

Malwiya. Jina lenyewe kwa Kiarabu linahusu kitu kilichojisokota. Mnara ulijengwa katikati ya karne ya 9, enzi za Khalifa al-Mutawakkil, una kimo cha mita 52, na njia ya kupandia iko nje: inauzunguka mara tano hadi kileleni.

Nilidhani hili ni la bure. Kila mtu aliyekaa kwenye gurudumu anajua vidole vyenyewe huacha mzunguko kama wa parafujo ukutani. Unachohitaji ni kutoufuta. Nikafinyanga koni ndefu, nikailainisha, nikapunguza mwendo wa gurudumu hadi likawa linatambaa, nikapandisha ncha ya kibao kutoka chini kwenda juu kwa mizunguko mitano. Ikatoka safi. Nikaishika mkononi, nikaiweka kando ya picha.

Ni kinyume.

Gurudumu langu huzunguka kinyume cha mshale wa saa, ukilitazama kwa juu. Chombo kinapokwenda huku, kidole kilichotulia kinakuwa kama kinakwenda kule, kwa hiyo njia yangu inapanda kwa kufuata mshale wa saa. Ya Malwiya inapanda kinyume chake. Nilikuwa nimetengeneza mnara kama unavyoonekana kwenye kioo.

Ningeweza kunyamaza. Nani angehesabu? Lakini nilishajua, na jambo la namna hiyo ukishalijua haliondoki. Motokaa ya gurudumu ina swichi ya kugeuza mwelekeo ambayo sikuwahi kuigusa. Nimeigusa leo.

Siku ya 18 na ya 19

Ni kama kujifunza kutembea kinyumenyume. Mkono wa kulia uliozoea kukaa nje sasa uko ndani, wa kushoto uko nje na haujui la kufanya. Hata kukita donge katikati kumenishinda, kazi ninayoifanya nikiwa nazungumza na watu. Madonge saba. La nane lilisimama, kilo 3, sentimita 33, limeinama kidogo nikalisamehe.

Njia ya mzunguko ina nafasi moja tu. Ukipitisha kibao mara ya pili hakirudi palepale hata ungekuwa na mkono wa chuma, unapata mifereji miwili inayogombana. Nimevuta pumzi, nikapitisha mara moja, nikaondoa mkono. Nimebonyeza zaidi upande wa juu wa kibao ili iwe kijia chenye ukingo wa kukanyagika, isiwe mfereji tu. Kuna mahali mzunguko wa tatu umetetemeka, kwa sababu nilimeza mate.

Siku ya 22

Gonbad-e Qabus. Matofali ya kuchoma, mwaka 1006, mita 53, na mbavu kumi zenye ncha kali zinazopanda wima kutoka chini hadi kwenye ukingo wa paa. Ukiupiga picha mchana, kila ubavu unatupa kivuli chake na mnara unakuwa wa mistari ya mwanga na giza. Mbavu hizi haziwezi kutoka kwenye gurudumu, maana gurudumu lingezifuta.

Wahenga walisema udongo upatilize ungali maji. Kweli kabisa kwa chungu. Kwa mwenye kutaka ncha kali ni nusu ya ukweli, maana udongo wenye maji hauwezi kushika pembe; kisu kikipita, ukingo unajikunja kama ulimi. Inabidi usubiri. Lakini ukisubiri mno, kisu kinameng'enya. Kuna dirisha la saa tatu au nne katikati, na ndilo ninalolivizia siku hizi kama mtu anayevizia basi la mwisho.

Nimefinyanga bomba la kilo 4 lenye ukuta wa milimita 14, unene ambao siku ya 2 ningeuonea aibu. Nimelizungushia ukanda wa karatasi kupata mzingo wake, sentimita 38, nikagawa kumi, nikaweka alama kila baada ya sentimita 3.8. Kati ya alama na alama nimechimba bonde kwa kitanzi cha waya, nikiacha ubavu katikati. Sindano inanipa habari: naichomeka bondeni, napima, lazima zibaki milimita 5.

Kwenye bonde la saba zilibaki sifuri. Kitanzi kilitokea upande wa pili, na nikaona kidole changu cha ndani kikinichungulia.

Siku ya 23

Gonbad ya pili. Mabonde kumi, hakuna tundu. Paa la koni nimeliacha, maana chombo cha maua kinahitaji mdomo. Wenye kupenda usahihi wanisamehe.

Siku ya 27

Siku niliyofurahi kuliko zote. Leo ni zamu ya mnara wa Shabolovka. Aliyeujenga, Shukhov, alikuwa mhandisi wa Urusi aliyesimamisha mnara wake wa kwanza wa aina hii kwenye maonyesho ya Nizhny Novgorod mwaka 1896. Ule wa Shabolovka ulikamilika 1922, una kimo cha mita 160, vipande sita vimepandana. Kila kipande kina kiuno: kipana chini, chembamba zaidi kuelekea juu, na kinaonekana kimepinda. Lakini vyuma vyake vimenyooka. Wanahisabati huliita umbo hili haipaboloidi: mkunjo uliozaliwa na mistari iliyonyooka iliyolazwa mshazari.

Kwa wiki nzima nilikuwa nakata kadibodi ili nipate mkunjo wa kiuno, na kila kadibodi ilitoa umbo la chupa. Leo asubuhi nikajiuliza: kama umbo linatokana na mstari ulionyooka unaouzunguka mhimili, na gurudumu lina mhimili, kwa nini nisitumie mstari wenyewe?

Nikachukua ufito mmoja wa mbao, umenyooka kama rula, ukingo wake umechongwa. Nikafinyanga bomba nene la kawaida. Badala ya kuusimamisha ufito wima ubavuni, nikaulaza mshazari, ncha ya chini kushoto kwangu, ya juu kulia, nikauegemeza kwenye vizuizi viwili usitikisike, nikausogeza pole pole hadi ukagusa. Unagusa kwanza juu kabisa na chini kabisa? Hapana. Unaanza kula udongo katikati, kwa sababu hapo ndipo ufito ulipo karibu zaidi na mhimili. Utepe wa udongo ukawa unachuruzika juu ya ukingo wa mbao, kiuno kikazama, na mbele ya macho yangu mti ulionyooka ukachonga mkunjo.

Nimesimamisha gurudumu na kuweka fimbo nyingine ubavuni, kwa mshazari uleule. Imegusa chombo kutoka juu hadi chini bila mwanga kupita. Nikaigeuza mshazari wa upande wa pili. Imegusa tena. Nimekaa hapo naigeuza huku na huku.

Ukilaza ufito zaidi, kiuno kinakuwa chembamba. Ukiusimamisha, kinarudi kuwa bomba. Kipimo chote kiko kwenye pembe ya mti mmoja.

Siku ya 31

Guggenheim imeanguka. Frank Lloyd Wright alilipanua jengo lile kadiri linavyopanda, juu kukawa kupana kuliko chini, na likafunguliwa 1959. Zege na nondo zinaweza. Udongo mbichi wa kilo 3 ulishikilia dakika nne hivi, kisha ukingo wa juu ukashuka taratibu kama mtu anayesinzia. Nimejaribu mara nne. Ningeweza kuufinyanga juu chini na kuugeuza ukikauka, lakini mchoro wa mishale unaniambia nadanganya. Karatasi nimeibandua. Majengo yamebaki matano.

Siku ya 40

Uchomaji wa kwanza. Vyombo vyote vimekauka hadi vikapauka, na nikiviegemeza shavuni havina ubaridi, dalili kwamba maji ya wazi yametoka. Hata hivyo nimelishikilia joko kwenye nyuzi 80 kwa saa sita. Maji yakifika kuchemka yakiwa bado ndani ya ukuta mnene wa Gonbad, mvuke hautaomba ruhusa. Baada ya hapo nyuzi 100 kwa saa hadi 600, kwa uangalifu pale kwenye 573, ambapo chembe za kwazi ndani ya udongo huvimba ghafla. Kisha moja kwa moja hadi 1000.

Siku ya 42

Gonbad ina ufa kitakoni, umbo la herufi S. Kosa langu: nilipokuwa nikifungua donge sikukishindilia kitako kwa vidole, nikaacha udongo wa katikati ukiwa umelegea kuliko wa pembeni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema, nami nina ukuta mzuri sana wenye mbavu kumi ambao nisingependa kuujenga tena. Lakini huku kwetu kuziba hakusaidii. Rojo ya kuzibia husinyaa kuliko kilichoizunguka, na ufa hurudi ukiwa umeshiba. Nitauchoma hivyohivyo. Utabeba majani makavu.

Vingine vinne vizima. Matuta ya Wamusgum yote 66 yapo. Nimeyahesabu mara mbili.

Siku ya 46

Glezi. Kwa asiyeijua: ni rojo ya unga wa mawe. Silika ndiyo inayogeuka kioo, alumina huizuia isitiririke, na chokaa na feldispa huisaidia kuyeyuka kwa joto ambalo udongo wenyewe unalihimili. Nimechovya vigae vya majaribio vilivyotokana na yale mabomba niliyoyapasua siku ya 2, kwa hiyo hayakufa bure.

Glezi yangu nyeupe isiyong'aa ni nzuri kwenye ukuta laini na ni adui wa ncha. Kwenye kigae cha majaribio chenye mbavu, iliziba bonde na kuviringisha ukingo, jasho lote la kitanzi likawa kama sabuni iliyotumika. Uamuzi: nyeupe kwa Pantheon na Shabolovka. Malwiya nayo, lakini nyepesi, sekunde mbili tu ndani ya ndoo. Gonbad na Wamusgum sipaki glezi nje. Nimevipaka maji yenye unga wa kutu ya chuma kisha nikafuta kwa sponji, rangi ibaki kwenye mabonde na chini ya matuta tu.

Ndani, vyote. Chombo cha maua kinachotoka jasho hakimfai mtu. Kwenye mdomo wa sentimita 2.5 nimemimina kwa faneli, nikazungusha upesi, nikamwaga. Nimefuta vitako vyote kwa sponji. Glezi ikibaki chini, chombo na rafu ya joko vinakuwa kitu kimoja.

Siku ya 48

Nyuzi 1222, nikashikilia dakika 15, nikazima. Saa ishirini na mbili za kutofungua. Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Siku ya 49

Pantheon: sentimita 15.9 kwa 15.8 ndani. Tundu la duara safi. Kwenye ukingo wake glezi imekuwa nyembamba, na udongo wa kahawia umechungulia kama uzi.

Shabolovka: kiuno kimeegemea upande mmoja milimita 3. Nimeweka fimbo ya mshazari: inagusa pande zote isipokuwa moja, ambako karatasi ya gazeti inapita.

Wamusgum: sina la kuongeza. Nimekishika muda mrefu kuliko vingine.

Gonbad imenishangaza. Mbavu nilizozichonga wima kabisa, kwa ukanda wa karatasi na rula, zote kumi zimelalia upande mmoja. Kutoka chini hadi juu ni milimita 6. Si joko lililozipinda, ni mimi, siku ile nilipovuta bomba: udongo uliovutwa ukizunguka unasokotwa ndani yake, na moto mkali ukiulegeza, hukumbuka. Wenye kutengeneza mabuli wanalijua hili, mdomo wa buli huhama kidogo jokoni, na wazoefu huubandika kwa mshazari tangu mwanzo. Nilikuwa nalijua pia. Sikufikiri linahusu mbavu.

Malwiya: glezi imetiririka ikifuata njia ya kupandia na kukusanyika kwenye ukingo wake, nyeupe nzito juu ya kijia, nyembamba juu ya ukuta. Pale nilipomeza mate, kijia kimepanuka na glezi imefanya kidimbwi. Ni mahali pazuri kuliko pote, na sikuwa na mkono humo.

Siku ya 50

Jaribio la maji. Vyombo vinne, kila kimoja juu ya karatasi kavu, vimejazwa jana usiku. Gonbad imekaa pembeni na ufa wake.

Asubuhi karatasi tatu ni kavu. Chini ya Malwiya kuna duara la unyevu, dogo kama kifuniko cha chupa. Nimechungulia kwa tochi: chini kabisa, mahali ukuta unapokutana na kitako, kuna doa ambalo glezi haikufika.

Nimekanda kilo 3 kwa ajili ya Malwiya na kilo 4 kwa ajili ya Gonbad. Kitako cha Gonbad nitakishindilia, na mbavu nitazichonga zikiwa zimelala milimita 6 upande wa pili. Swichi ya gurudumu iko bado kwenye mwelekeo wa Malwiya, kwa hiyo naanza na hiyo.